Mpini na Chuma: Kuchagua Vifaa vya Droni ya Kwanza

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA REDIO

Yafuatayo ndiyo maneno yaliyosemwa redioni. Yasomeni tena darasani, mmoja mmoja kwa sauti, kisha jibuni maswali yaliyo mwishoni.

Maneno mapya ya somo hili: droni, panga, mota, fremu, betri, chaja, rimoti, kidhibiti mwendo. Yasome mara mbili, kisha yaandike katika daftari lako.

MWALIMU: Hamjambo, wasikizaji wetu wa Mlandizi, wa Soga, wa Ruvu, wa Mzenga na wa Kisarawe? Karibuni katika somo letu. Kaeni karibu na redio, na kila mtu awe na kalamu yake, kwa sababu leo tuna hesabu. Hapa ninao wanafunzi wawili wa watu wazima, mzee mmoja na mama mmoja. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu.

MWALIMU: Mama, hujambo?

MAMA: Sijambo, mwalimu.

MWALIMU: Mzee, wewe ulisema una neno la kuuliza. Sema, tunakusikiliza.

MZEE: Mwalimu, kijana wangu ni fundi wa simu. Sasa ametaka kuunda droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapanga manne. Asema ataiunda kwa mikono yake mwenyewe. Nami nimeuza mpunga, nikaahidi kumsaidia. Lakini vifaa vyauzwa kwa bei mbili. Viko vya rahisi, na viko vya ghali mara tatu. Nikinunua rahisi, naogopa vitaharibika. Nikinunua ghali, fedha yote ya mpunga itakwisha, na nyumbani kuna karo. Nifanyeje?

MWALIMU: Swali lako ni zuri, mzee, na si lako peke yako. Kila mtu anunuaye chombo huulizwa na mfuko wake swali hilo hilo. Lakini kabla sijakujibu, nami nakuuliza. Wewe ni mkulima. Jembe lako ulilipataje?

MZEE: Chuma nilinunua dukani. Mpini nilikata porini.

MWALIMU: Kwa nini hukununua mpini wa fedha nyingi?

MZEE: Mpini huvunjika, mwalimu. Ukivunjika nakata mwingine. Lakini chuma kikiwa kibaya, kitapinda shambani, na kazi italala.

MWALIMU: Basi, mzee, jibu unalo mwenyewe. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, mtu asikae kuchagua mpaka mvua ikapita. Lakini mkulima anajua kipande kipi cha jembe ni cha kukata porini, na kipi ni cha kununua. Droni nayo ina mpini wake na chuma chake. Kazi yetu leo ni kuvitenga. Kwanza, tujue inavyofanya kazi.

DRONI HURUKAJE?

Chombo hiki kina fremu, kama fremu ya baiskeli. Ndiyo mifupa yake. Fremu ina mikono minne, na mwisho wa kila mkono pana mota moja ya umeme. Juu ya mota pana panga. Mota huzungusha panga, panga husukuma hewa chini, na chombo huenda juu.

Mota mbili huzunguka kwa upande wa kulia, na mbili kwa upande wa kushoto. Kwa nini? Kama zote zingezunguka upande mmoja, chombo chote kingezunguka kama pia upande wa pili. Zikigawanyika mbili kwa mbili, kila upande huzuia mwenzake, na chombo hutulia.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1907, huko Ufaransa, ndugu wawili, Louis na Jacques Bréguet, waliunda chombo kikubwa chenye mapanga katika pembe nne. Kiliinuka kutoka ardhini na mtu ndani yake. Lakini ilibidi watu wasimame kwenye pembe zake na kukishika ili kisipinduke. Nguvu ya kunyanyua ilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kukiweka sawa.

MAMA: Na siku hizi nani anayeshika pembe?

MWALIMU: Siku hizi hashiki mtu, mama. Katikati ya fremu pana kompyuta ndogo, nasi tutaiita ubongo. Ubongo huhisi chombo kinapoinama, mara nyingi sana katika kila sekunde moja. Ukihisi upande wa kulia umeshuka, huagiza mota za kulia ziongeze mwendo. Agizo hilo hupita katika kifaa kingine kiitwacho kidhibiti mwendo. Hicho ndicho kinachopima umeme unaotoka katika betri kwenda kwa kila mota. Mrushaji naye anashika rimoti mkononi, na kwenye droni pana kipokezi cha kupokea amri zake.

Sasa tumepata vipande vyote: fremu, mapanga, mota, vidhibiti mwendo, ubongo, betri, chaja, rimoti na kipokezi chake. Viandikeni.

MASWALI MATATU YA KUULIZA DUKANI

Usianze kwa kuuliza bei. Kwa kila kifaa, jiulize maswali haya matatu.

La kwanza: Kifaa hiki kikiharibika, kitamdhuru mtu, au kitateketeza mali?

La pili: Mimi mwanafunzi nitakivunja mara ngapi?

La tatu: Droni hii ikifa, kifaa hiki kitabaki nami kwa droni ya pili?

Kama kifaa chaweza kudhuru mtu, au kitakaa nawe miaka mingi, hicho ni chuma. Nunua kizuri. Kama hakidhuru, nawe utakivunja mara kwa mara, hicho ni mpini. Nunua cha rahisi, tena nunua vingi.

MZEE: Basi tuanze na mpini, mwalimu.

VIPANDE VYA MPINI

MWALIMU: Mpini wa kwanza ni mapanga. Mtu anayejifunza kurusha ataanguka. Ataanguka kwenye majani, kwenye mwembe na kwenye ukuta. Kila akianguka, panga huvunjika kwanza. Panga la ghali nalo huvunjika. Kwa hiyo nunua ya plastiki, ya bei nafuu, yenye kipimo kinachofaa mota zako. Lakini angalia jambo moja. Panga lenye ufa, au lililopinda, usilirushe hata kama ni la mwisho. Litatikisa chombo chote, na laweza kukatika na kuruka kama kisu. Kununua rahisi si kutumia kibovu.

Mpini wa pili ni fremu. Fremu nzuri za dukani hufanywa kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni ngumu na nyepesi. Si lazima uchukue ya ghali, lakini chagua ile ambayo mkono ukivunjika waweza kufungua skrubu na kutia mkono mwingine. Fremu iliyo kipande kimoja ni hasara, kwa sababu mkono mmoja ukivunjika umepoteza yote. Wako watu waliounda fremu ya kujifunzia kwa mbao nyepesi. Na huko Malawi, katika chuo cha droni kilichofunguliwa Lilongwe mwaka 2020 kwa msaada wa UNICEF, vijana walijifunza kuunda ndege ndogo yenye mwili wa ubao wa povu. Ilitosha kuwafundisha kazi.

Mpini wa tatu ni kamera. Vijana wengi huanza na kamera, maana ndiyo tamu. Mzee, mwambie kijana aiache kwanza. Anayejifunza baiskeli hafungi mzigo siku ya kwanza.

VIPANDE VYA CHUMA

Chuma cha kwanza ni betri pamoja na chaja yake. Hapa nisikilizeni sana. Betri hizi si kama za tochi. Huitwa betri za lithiamu, nazo ni nyepesi lakini zina nguvu nyingi. Hufanywa kwa vyumba. Chumba kimoja kikijaa huwa na volti 4.2. Ukikizidishia chaweza kuvimba na kuwaka moto. Ukikitumia mpaka kikashuka sana, chini ya volti 3 kwa chumba, kimekufa au kimekuwa cha hatari. Afadhali utue kingali na volti 3.5.

Chaja nzuri hupima kila chumba peke yake, ikavisawazisha, ikaacha kujaza vinapofika mwisho. Chaja mbaya haijui hayo. Hujaza tu. Mtu aliyeokoa fedha kwenye chaja anaweza kulipa kwa nyumba.

MAMA: Nyumba yetu ni ya makuti, mwalimu!

MWALIMU: Ndiyo maana nasema, mama. Betri ijazwe mchana, mtu akiwa macho, juu ya saruji au mchanga, mbali na godoro na makuti. Usiache betri inajaa nawe umelala. Betri iliyovimba isijazwe tena. Na wakati wa kununua, usiamini maandishi peke yake. Shika betri mbili zenye kipimo kimoja. Kama moja inadai kubeba umeme mwingi zaidi, lakini ni nyepesi kuliko mwenzake, huenda maandishi yamezidi ukweli.

Chuma cha pili ni vidhibiti mwendo. Kidhibiti kikiungua angani, mota moja husimama, na chombo chenye mapanga manne hakiwezi kukaa sawa kwa matatu. Kitaanguka hapo hapo. Chini yake huenda pana mtoto. Kwa hiyo chagua chenye uwezo kupita mahitaji ya mota. Mota ikitumia ampea 30 kwa nguvu zake zote, usinunue kidhibiti cha ampea 30 kamili. Nunua cha 35 au 40. Mkulima mwenye magunia matatu haazimi mkokoteni wa magunia matatu tu, kwa maana njia ina mashimo.

Chuma cha tatu ni ubongo. Si lazima uwe wa bei ya juu kuliko yote, lakini uwe wa aina inayojulikana, na utumike kwa programu ambayo mafundi wengi wanaijua. Ziko programu za bure, kama Betaflight na ArduPilot. Kijana akikwama atapata wa kumwuliza. Kuuliza si ujinga.

Chuma cha nne ni rimoti. Hii haianguki na droni. Hukaa mkononi. Rimoti moja nzuri huongoza droni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tena rimoti nyingi nzuri huweza kuunganishwa na kompyuta, mtu akajifunza kurusha kwenye mchezo wa kompyuta bila kuvunja hata panga moja. Hakikisha pia kwamba mtambo umetegwa vizuri, ili mawasiliano yakikatika mota zizime au chombo kitue. Droni inayoendelea kuruka bila kusikia amri ni kama gari lisilo na breki.

MZEE: Hukutaja mota, mwalimu.

MWALIMU: Mota ziko katikati, mzee. Za rahisi mno huwa na beringi mbovu na mhimili unaopinda upesi. Za ghali nazo zikigonga jiwe hupinda. Kwa anayejifunza, nunua za bei ya kati. Lakini usinunue nne, nunua tano za aina moja. Moja ikipinda unayo ya badala yake, na zote nne zitaendelea kuwa sawa.

HESABU ZA LEO

Hesabu ya kwanza ni ya nguvu. Mafundi wana kanuni: mota zote kwa pamoja ziweze kunyanyua angalau mara mbili ya uzito wa droni. Tuseme droni pamoja na betri ina uzito wa gramu 600. Mara mbili ni gramu 1,200. Gawanya kwa mota 4. Kila mota inyanyue angalau gramu 300. Kama kijana amenunua mota za gramu 200, zote nne hunyanyua gramu 800 tu. Itainuka, lakini upepo wa bonde la Ruvu utaichukua. Hapo rahisi imekuwa hasara, si kwa ubovu, ila kwa kutopima.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Bei hizi ni za mfano tu, kwa ajili ya kujifunza. Tuseme seti moja ya mapanga manne ya rahisi ni shilingi 4,000, na ya ghali ni shilingi 12,000. Kijana akijifunza atavunja seti 5.

Mapanga ya rahisi: 4,000 mara 5 ni shilingi 20,000.

Mapanga ya ghali: 12,000 mara 5 ni shilingi 60,000.

Toa 20,000 katika 60,000. Je, mama, umepata ngapi?

MAMA: Shilingi 40,000.

MWALIMU: Vema sana. Sasa tuseme chaja mbaya ni shilingi 20,000, na nzuri ni shilingi 60,000. Tofauti yake ni ngapi?

MAMA: Ni 40,000 tena!

MWALIMU: Umeona? Fedha uliyookoa kwenye mpini ndiyo iliyonunua chuma. Mzee hakuongeza hata senti moja ya mpunga. Mtu anayenunua vyote vya rahisi, na mtu anayenunua vyote vya ghali, wote wawili hawajafanya hesabu.

KABLA YA KULIPA FEDHA

Liko jambo moja lililo kubwa kuliko bei. Katika Tanzania, droni hairushwi kama tiara. Ni ndege mbele ya sheria. Yataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na vyombo vya ulinzi navyo vinahusika. Basi kijana aende kuuliza kwanza, tena aulize kabla ya kuagiza cho chote kutoka nje, asije akanunua kitu kisha kikazuiliwa.

Nasi wa Ruvu tuna sababu zetu za kuwa waangalifu. Tunayo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tunayo mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayopeleka maji Dar es Salaam. Tunayo reli ya umeme, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na waya zilizo juu yake zina volti 25,000. Pahali kama hapo si pa kujaribia droni, wala si pa kupandia kufuata droni iliyonasa.

MZEE: Mwalimu, na hiyo droni ina faida gani, au ni mchezo tu?

MWALIMU: Huanza kama mchezo, mzee, lakini kazi zake tumeziona. Mwaka 2016 droni zilianza kupiga picha za Unguja na Pemba ili kuchora ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifanya kazi hiyo. Mwaka 2018 chombo cha Wingcopter kutoka Ujerumani kilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, na kilivuka kilometa 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju huko Unguja, droni zilinyunyiza dawa juu ya maji kuua viluwiluwi vya mbu. Nasi bonde letu ni la mpunga, na mbu tunawajua.

Vyombo hivyo si sawa na kidude cha kijana wako. Lakini anayejua kulehemu waya, kupima betri na kusoma maagizo amekwisha kushika ncha ya kazi hiyo.

Basi mpe ushauri huu. Aanze na droni ndogo ya kuchezea, yenye kinga kuzunguka mapanga, mpaka mkono uzoee. Kisha aunde yake. Na kila anapojaribu mota mezani, atoe mapanga kwanza. Panga linalozunguka hukata kidole kabla mtu hajasema ah.

MZEE: Nimeelewa. Nitamwambia aandike orodha mbili, moja ya mpini na moja ya chuma. Kisha nitampa fedha, ila kibali kwanza.

MWALIMU: Na orodha hizo uzisome mwenyewe, mzee, usisomewe. Ndiyo faida ya darasa hili. Wasikizaji, muda wetu umekwisha. Fanyeni mazoezi, na mwenye kujua amsaidie jirani yake. Kwaherini.

MAZOEZI

1. Andika vipande vitatu vya mpini, na vipande vinne vya chuma.

2. Kwa nini mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto?

3. Betri ina vyumba 4. Kila chumba kikijaa kina volti 4.2. Betri yote ina volti ngapi?

4. Droni ina uzito wa gramu 500. Kila mota inyanyue angalau gramu ngapi?

5. Seti ya mapanga ya rahisi ni shilingi 3,000, na ya ghali ni shilingi 8,000. Ukivunja seti 6, utaokoa shilingi ngapi kwa kununua za rahisi?

6. Chagua chombo kimoja cha nyumbani kwako, kama baiskeli, cherehani au jiko. Andika kipande chake kimoja ambacho ni mpini, na kimoja ambacho ni chuma. Eleza sababu kwa sentensi mbili.

Majibu ya hesabu: (3) volti 16.8. (4) gramu 250. (5) shilingi 30,000.